Ncha Mbili za Simu

Mara tatu za kwanza walimkatalia, na kila mara walikuwa na sababu mpya. Mara ya kwanza walimwambia ombi lake halieleweki. Mara ya pili wakasema jambo lenyewe linagusa usalama wa Jiji la Mwengere. Mara ya tatu ndiyo iliyomkera kuliko zote: Meya Danstan Kihongo, alijibiwa, hakuwa kazini jioni ile ya joto kuu, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa kwenye hafla yake binafsi, na kumbukumbu ya mtu asiye kazini si mali ya umma.

Sechelela Mbeleje alikuwa refa wa mpira wa miguu. Alikuwa ametukanwa na viwanja vizima, akarushiwa chupa, akafukuzwa hadi chumba cha kubadilishia nguo na bado akatoka kuanza kipindi cha pili. Kukataliwa na karani hakukuwa jambo la kumlaza njaa. Alikwenda nyumbani, akaisoma tena Sheria ya Haki ya Kujua kifungu kwa kifungu, kisha akarudi kwenye dirisha la Hazina ya Kumbukumbu na ombi la nne. Safari hii hakumtaja Meya popote. Aliomba kumbukumbu ya mtu aliyebonyeza.

"Aliyebonyeza nini, dada?" karani aliuliza.

"Umeme wa mtaa wa Relini. Uliondoka jioni ile. Haukuondoka wenyewe, kuna kidole kilibonyeza. Namtaka mwenye kidole."

Karani aliingia ndani, akakaa huko mpaka watu waliokuwa nyuma ya Sechelela wakaanza kuguna. Aliporudi alikuwa na sura ya mtu aliyepokea jibu asilolitarajia.

"Wamekubali," alisema. "Ingia chumba cha tatu."

Sechelela badala ya kufurahi alishtuka. Miaka mitatu wamebana, na leo wanaachia kirahisi hivi?

Watu wenye umri wake wanakumbuka mambo yalivyokuwa kabla ya vinasa. Wakubwa walikuwa wamejifunza kutoandika. Amri zilitolewa kwa simu na maamuzi makubwa yalifanyika kwenye korido, na mwananchi akiuliza anaambiwa hakuna kumbukumbu yoyote. Watu waliandamana kwa miezi, wengine wakalala rumande, mpaka sheria ikabadilishwa: kila anayekula kiapo cha utumishi anawekewa nyuma ya sikio kinasa kidogo kama punje ya mtama. Akiwa kazini, kinasa kinawaka na kuhifadhi anachokiona, anachokisikia, hata mapigo ya moyo wake na jasho la viganja vyake. Kazi ikiisha, kinazimika. Na kwa sababu makarani wa mwanzo waliwahi kukata vipande vya kumbukumbu wasivyovipenda, sheria ikaongezewa makali: kumbukumbu inatolewa nzima, la sivyo haitolewi kabisa. Kinachozimwa ni kimoja tu, sauti ya mtu ambaye wakati ule hakuwa kazini.

Chumba cha tatu kilikuwa na kiti kimoja na kofia ya nyaya laini. Sechelela aliketi, mhudumu akamvalisha kofia, akamwambia asiogope: mwili utadhani ni wake, lakini si wake.

Kisha akawa hospitalini.

Alikuwa amesimama kando ya kitanda. Juu ya kitanda alilala msichana mwembamba, bomba kooni, na mashine ya kupumulia ikipandisha na kushusha kifua chake. Mkono alioushika ulikuwa wa moto. Sechelela hakumjua msichana yule, hakuwahi kumwona, lakini moyo uliokuwa ukidunda ndani yake ulimjua vizuri mno. Ulikuwa ukidunda kwa hofu ambayo Sechelela, asiye na mtoto, hakujua kwamba mtu anaweza kuibeba na bado akasimama wima.

Simu iliita.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mhandisi wa zamu hapa, Eliaichi Mshana." Sauti ilitoka kinywani mwake. Kutoka upande wa pili ulikuja mvumo tu, kama wa feni mbovu. "Hapana, Mheshimiwa, mtambo umepata moto, hauwezi kubeba njia zote tatu. Naomba tukate ya Ukumbi wa Maonesho. Saa mbili tu, tutakuwa tumepoza." Mvumo. "Lakini Mheshimiwa, kule ni wageni tu, wanaweza kutoka nje..." Mvumo. Mapigo ya moyo yalipanda. "Nichague mimi?" Mvumo mfupi. Macho yaliteremka kwenye kifua cha msichana, kikipanda, kikishuka. "Hospitalini yuko mwanangu, Mheshimiwa." Mvumo mfupi zaidi. Simu ikakatika.

Mkono wake wa kushoto haukuuachia mkono wa msichana. Wa kulia uliinua kifaa cha kazi, ukafungua ramani ya jiji, ukagusa alama ya kumbi za ubaridi za Relini. Taa ya kijani ikageuka nyekundu.

Mhudumu alipomvua kofia, Sechelela alikuwa analia, na hakujua ni nani anayelia. Ndani ya ukumbi ule wa Relini alikuwemo mama yake, Bi Foibe, pamoja na wazee wenzake na wanawake wenye watoto wachanga. Walikwenda pale kwa sababu redio iliwaambia waende. Umeme ulipokatika, milango ilijifunga yenyewe, kama ilivyotengenezwa kufanya ili ubaridi usitoroke, na hapakuwa na ubaridi tena wa kutoroka. Watu thelathini na mmoja hawakutoka hai. Sechelela siku ile alikuwa mji mwingine akichezesha mechi. Ujumbe wa mwisho wa mama yake ulisema kuna baridi nzuri, asiwe na wasiwasi, ale vizuri.

Alikuwa ameingia chumbani mle akimtafuta mtu wa kumchukia. Alimpata, lakini alikuwa ametoka kukaa ndani ya kifua chake.

*

Kwenye ngazi za nje alikuwa anamsubiri Wakili Rweyunga, mwanasheria wa Jiji, mtu mnadhifu mwenye sauti ya upole.

"Pole sana, Bi Mbeleje," alisema. "Najua ulichokiona si chepesi. Nimekuja kukwambia kwamba Jiji halitapinga. Una wiki mbili za kutamka mbele ya Baraza la Taarifa kwamba itangazwe. Ukitamka, itaonyeshwa kwenye kuta zote za jiji. Ukikaa kimya, inarudi kufungiwa na hutaiomba tena. Nakushauri utangaze. Watu wa Relini wanastahili kujua."

"Tangu lini Jiji linajali watu wa Relini wanastahili nini?"

Wakili alitabasamu. "Watu hubadilika."

Sechelela alishuka ngazi polepole. Mchezaji akijiangusha ndani ya eneo la hatari, refa haangalii anavyogaragara. Anaangalia miguu ilikuwa wapi. Kwa hiyo alijiuliza miguu ya Jiji ilikuwa wapi. Kumbukumbu ikitangazwa, watu wataona nini? Wataona mama akimchagua binti yake na kuwaua wazee. Wataona kidole na uso. Upande wa pili wa simu watasikia mvumo wa feni mbovu. Jina la Eliaichi Mshana litatemewa mate kwenye kila kona, na yule aliyemwambia achague ataendelea kukata utepe kwenye barabara mpya.

Na yule msichana? Alikuwa hai? Kama alikuwa hai, atajiona kwenye ukuta wa soko, bomba kooni, na chini yake watu wakihesabu waliokufa ili yeye apumue.

Kesho yake jioni watu wa Relini walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Wa kwanza kusimama alikuwa Kasanzu, fundi wa vyuma, ambaye mkewe alikufa ukumbini akiwa na mimba ya miezi saba. Tangu siku hiyo alikuwa haongei sana, na akiongea watu walinyamaza.

"Tumesikia umepewa," alisema. "Tupe jina."

"Nimepewa nusu, kaka yangu. Sitatoa nusu."

"Mimi nusu inanitosha."

"Haikutoshi. Unadhani itakutosha." Sauti yake ilikuwa ile ya uwanjani. "Nikikupa jina usiku huu, kesho mtakuwa mlangoni kwa mtu mmoja, na aliyempa amri atawatazama kwenye televisheni akiwa amekunja nne. Wananisukuma nitangaze! Wakili wao kanifuata mpaka kwenye ngazi. Lini mlimwona wakili wa Jiji akitukimbilia kutupa kitu kizuri?"

Wengine walianza kunong'ona wakikubali. Kasanzu hakukubali. Alimjia karibu, macho mekundu.

"Mama yako yuko kaburini, wewe unamlinda aliyemuua."

Neno lile lilimpata mahali pake. Sechelela alitamani kumjibu kwamba hata yeye ana hasira, kwamba usiku uliopita alikaa na jina lile mdomoni kama kaa la moto. Badala yake alisema tu, "Sitalitoa," na Kasanzu akatema mate pembeni, akaondoka, na nusu ya mkutano ikaondoka naye.

*

Eliaichi Mshana alikuwa ameacha kazi mwaka ule ule wa joto. Aliishi pembezoni mwa jiji, akirekebisha pampu za visima, na alipofungua mlango na kumwona Sechelela hakuuliza shida yake. Karani wa Hazina ya Kumbukumbu humwarifu kila mtu ambaye kumbukumbu yake imetazamwa.

"Karibu," alisema. "Nilijua utakuja. Sikujua ungebisha hodi."

Waliketi. Ilikuwa aibu ya ajabu: Sechelela alizijua kucha za mwanamke huyu, alijua mkono wake wa kulia una kidole kisichokunjika vizuri, alijua jinsi pumzi yake inavyokata akiogopa.

"Sikuja kukwambia nimekusamehe," Sechelela alianza.

"Sijaomba."

"Mama yangu alikuwemo mle. Foibe Mbeleje."

"Namjua. Wote nawajua kwa majina." Eliaichi alimtazama machoni. "Unataka niseme najuta? Najuta kila siku. Lakini sitakudanganya, maana umekaa ndani ya kichwa changu na utanijua. Nilichagua. Simu ile ikiita tena leo, na Nakunda yuko kwenye mashine, nitachagua vile vile."

Sechelela alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Angeweza kuondoka na kutamka neno moja tu, na mwanamke huyu angelipa. Ingekuwa haki yake kisheria.

"Upande wa pili alikuwa nani?" aliuliza.

"Umesikia mvumo."

"Nakuuliza wewe."

"Kiapo changu kinanikataza kueleza maneno ya mtu binafsi niliyoyasikia nikiwa kazini. Ni miaka saba jela. Na nikisema, nani ataniamini? Watasema ninajikwamua." Alicheka kidogo bila furaha. "Walilipanga vizuri. Kinasa changu kiliwaka, chake wakaandika kilizimwa. Mimi niko kwenye rekodi, yeye hayumo."

Mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia msichana mrefu mwenye kovu dogo kooni, amebeba trei ya chai. Alikuwa na miaka kumi na tisa hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Sechelela aliitikia, na mwili wake ulimkumbuka msichana huyu. Ulikuwa bado unahesabu kifua kile, kikipanda, kikishuka. Sasa kilikuwa kinapumua chenyewe.

Nakunda alimimina chai, akauliza kama anataka tangawizi, akamwambia mama yake pampu ya jirani imeharibika tena, akatoka akiimba. Eliaichi alingoja mlango ufungwe.

"Hajui," alisema taratibu. "Anajua aliugua mapafu akapona. Basi. Dada, ukitangaza sitakulaumu. Ila nipe siku moja kabla. Nataka alisikie kwangu, asilione ukutani."

Sechelela aliinywa chai yote, ingawa ilikuwa ya moto mno, ili asilazimike kujibu upesi.

"Sijui nitafanya nini," alisema mwishowe. "Lakini ukisubiri mimi ndiyo nikupe siku, utakuwa umeshachelewa. Mwambie. Mimi nikitangaza nisitangaze, mwambie. Anapumua hewa yenye historia, ana haki ya kuijua. Hata hiyo ni haki ya kujua."

Eliaichi alimsindikiza hadi barabarani, na hawakupeana mikono.

*

Ukumbi wa Baraza la Taarifa ulijaa hadi nje. Watu wa Relini walikuja na mabango, na Kasanzu alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani. Wakili Rweyunga alikaa upande wa Jiji, bila wasiwasi. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Jaji mstaafu Tabu Mwinyipembe, mwanamke mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyesifika kwa kutopenda hotuba.

"Bi Mbeleje," alisema, "Baraza limeitazama kumbukumbu uliyopewa. Leo ndiyo siku yako ya kutamka. Itangazwe, au irudi?"

"Si hili wala lile, Mheshimiwa Jaji."

Minong'ono ilipanda. Rweyunga alisimama. "Mheshimiwa, sheria inatoa njia mbili tu. Mwombaji hawezi kubuni ya tatu."

"Sibuni," Sechelela alisema. "Naomba ombi langu la tatu lifunguliwe upya, kwa sababu nimepata ushahidi mpya. Nitauliza swali moja tu, na nitamwomba wakili alijibu."

Jaji alimpa ishara aendelee.

"Kwenye kumbukumbu ile mna simu. Sauti ya upande mmoja inasikika. Ya upande wa pili mmeizima, kwa kuwa, mnasema, aliyezungumza hakuwa kazini. Sawa. Lakini baada ya simu ile umeme wa Relini ulikatwa. Mhandisi wa zamu aliambiwa achague nani aishi. Aliyemwambia alikuwa nani? Kama alikuwa kazini, basi sauti yake ni ya umma, na nyinyi mmeificha kinyume cha sheria. Kama hakuwa kazini, basi raia wa kawaida alimpigia simu mhandisi, akajifanya serikali, akaamuru watu wakatiwe umeme, na watu wakafa. Hilo ni kosa la jinai, na kumbukumbu za mtuhumiwa wa jinai zinafunguliwa siku hiyo hiyo. Njia zote mbili zinaishia mlango mmoja. Wakili, mteja wako alikuwa kazini au hakuwa kazini? Chagua."

Ukumbi ulilipuka. Jaji aligonga meza mara kadhaa. Rweyunga alikuwa amesimama, kalamu mkononi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ya upole ilichelewa kutoka.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "hoja hii imejengwa juu ya dhana. Mwombaji anasema 'mteja wangu'. Nani kasema ni Meya? Mwenye kumbukumbu alitamka 'Mheshimiwa' tu. Jiji lina waheshimiwa wengi. Hakuna ushahidi hata mmoja wa aliyekuwa upande wa pili."

Jaji alimtazama Sechelela juu ya miwani. "Hapo ana hoja, Bi Mbeleje. Unaye wa kuthibitisha?"

Sechelela hakuwa naye. Hakuwa amemwita mtu. Alifungua kinywa aseme ukweli huo, akisikia nyuma yake Kasanzu akisonya, ndipo sauti ikatoka karibu na mlango.

"Ni mimi niliyepokea simu."

Eliaichi Mshana alikuja mbele akipita katikati ya watu wa Relini. Nakunda alikuwa kando yake, wameshikana mikono, na macho ya msichana yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyelia siku nzima. Mtu mmoja alipaza sauti, "Ndiye huyo!" na watu wakasogea. Sechelela aliingia katikati yao na kunyoosha mkono, kama anavyowatenganisha wachezaji, na wakasimama.

"Bi Mshana," Rweyunga alisema haraka, "nakuonya. Kiapo chako bado kinakufunga. Ukitamka, utakwenda jela."

"Naijua adhabu yake kuliko wewe. Nimeisoma kila siku kwa miaka mitatu." Eliaichi aliligeukia Baraza. "Aliyekuwa upande wa pili ni Meya Danstan Kihongo. Mimi ndiye niliyekata umeme wa Relini. Aliniambia nichague hospitali au Relini, na mwanangu huyu alikuwa hospitalini. Sijaja kujitetea. Nimekuja kwa sababu kuna mtu alikuwa na uwezo wa kunianika, akanibishia hodi badala yake. Na kwa sababu mwanangu aliniuliza kama nitakaa kimya mpaka lini."

Hakuna aliyepiga makofi. Jaji Tabu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wakili," alisema, "bado hujajibu swali. Kazini, au si kazini?"

Rweyunga alitazama makaratasi yake, akatazama mlango, kisha akaketi.

"Baraza linaamuru kumbukumbu ya Meya ya saa hiyo ifunguliwe," Jaji alisema. "Hapa. Sasa hivi."

Kumbe kinasa kilichoandikwa kwamba kilizimwa hakikuwahi kuzimwa. Kumbukumbu yake ilikuwa imewekwa tu kwenye kabati lisilo sahihi.

Walionyeshwa ukutani. Ukumbi wa Maonesho ulikuwa na baridi hata wageni wamevaa makoti. Chini ya picha ulitembea mstari wa mapigo ya moyo wa Meya. Sauti ya Eliaichi ilisikika kwa mbali sikioni mwake, ikiomba saa mbili tu, na safari hii mvumo ulikuwa umepata maneno.

"Wageni wangu watoe jasho? Mhandisi, hawa ndio wanaotujengea jiji." Mkono ulichukua kitafunio kwenye sahani iliyokuwa inapita. "Una hospitali na una Relini. Chagua mwenyewe, hiyo ndiyo kazi yako." Na mhandisi alipomtaja mwanawe: "Basi umeshachagua. Relini wamezoea joto."

Simu ilikatika. Meya alimgeukia mgeni na kumuuliza kama safari yake ilikuwa njema. Sechelela alikuwa anautazama mstari wa chini. Haukuruka hata mara moja. Ulitembea tambarare tangu mwanzo hadi mwisho, kama wa mtu anayechagua soksi.

Kasanzu aliuona pia. Alikaa chini sakafuni, taratibu, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa.

*

Meya alijiuzulu kabla ya wiki kuisha, akakamatwa akiwa na sanduku tayari. Kesi yake ikaanza. Ya Eliaichi pia ikaanza, kwa kuvunja kiapo, na hakuna aliyejua itaishaje, ingawa watu wengi wa Relini walikwenda kukaa kwenye mabenchi ya mahakama kila iliposikilizwa. Wengine walikwenda kumuunga mkono. Wengine walikwenda kumtazama tu, bila kujua wanataka nini. Sechelela alikwenda, akakaa nyuma, na hakuna siku aliyoweza kusema yuko kundi gani.

Joto liliporudi, Jiji lilitangaza kwamba kumbi za ubaridi za Relini zimekaguliwa na ziko salama. Milango ilikuwa ile ile. Vitasa vilikuwa vile vile, vya kujifunga umeme ukikatika.

Asubuhi ya tangazo hilo Sechelela alimkuta Kasanzu mbele ya ukumbi, amepanda ngazi, bisibisi mkononi na spana mfukoni. Watu walikuwa wamesimama mbali kidogo wakimtazama. Kati yao alikuwapo Nakunda. Alikuwa amekuja peke yake, amesimama kama mtu aliyefika msibani kwa watu asiowajua.

Sechelela alimsogelea. "Umekuja kufanya nini, mwanangu?"

"Sijui, mama. Niliona siwezi kukaa nyumbani."

Kasanzu aligeuka juu ya ngazi. Alimtambua. Watu wote waliona kwamba amemtambua. Alilitazama kovu la msichana kooni, akautazama mlango.

"Njoo ushike hapa," alisema. "Kitasa hiki kizito, kikidondoka kitavunja kigae."

Nakunda alikwenda, akainua mikono, akakishika. Kasanzu alifungua skrubu moja baada ya nyingine. Kitasa kilipoachia, waliteremsha pamoja lile dude la chuma na nyaya zake zikining'inia, wakaliweka chini, na mlango ukabaki ukicheza na upepo, mwepesi kama wa jikoni. Wakaenda kwenye wa pili.

Walikuwa kwenye wa mwisho gari la Jiji lilipofika. Alishuka kijana mwenye kitambulisho kifuani, akaviona vitasa vimepangwa ukutani, akashika kichwa.

"Jamani! Hiyo ni mali ya Jiji! Nani kawapa ruhusa ya kuving'oa? Nani alitoa amri?"

Watu walimtazama Sechelela. Sechelela alisogea hadi mbele ya kijana yule, mikono mgongoni, kama anavyosimama mbele ya nahodha anayelalamika.

"Swali zuri," alisema. "Andika ombi. Relini tutakujibu."